Njia nne za kutafuta wito wako ukiwa Mwanza: kufunga, mafungo ya kimya, neno la mtumishi, au kuanza kutumika

Swali hili huwajia watu wa kila namna. Humjia kijana aliyemaliza chuo pale Malimbe, vyeti vyake bado vimo kwenye bahasha. Humjia mama wa Igoma ambaye mtoto wake wa mwisho ameshaenda bweni, na mwalimu wa Sengerema aliyezoea kazi yake lakini anahisi kuna jambo Mungu anamdai. "Mungu aliniumba nifanye nini?" Akiuliza kanisani, jibu atakalopata hutegemea amemuuliza nani. Mmoja atamwambia afunge siku saba. Mwingine atamwelekeza kwenye nyumba ya masista akakae kimya siku tatu. Wa tatu atamtajia mtumishi mwenye neno, yaani mhubiri anayetoa unabii kwa mtu mmoja mmoja. Wa nne atamwambia aje Jumapili asubuhi, watoto hawana mwalimu.

Nimekaa na vijana wengi wa kanisani wenye swali hili. Linaloniuma ni kumwona mtu mwenye kiu ya kweli akipelekwa kwenye njia isiyomfaa kwa wakati alio nao, kisha anarudi akidhani Mungu amemnyamazia. Njia zote nne zina mizizi katika Biblia, lakini kila moja ina kazi yake. Naziweka pamoja hapa ili uone ipi inakufaa sasa.

Msimamo wangu nautaja mapema: kwa watu wengi, pa kuanzia ni kutumika. Kufunga na mafungo vifuate, swali likishapata umbo. Neno la mtumishi lije mwishoni, na lije kuthibitisha tu.

Unatafuta kitu gani hasa?

Watu huchanganya mambo mawili. Kuna wito wa wote na kuna wito wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema wazi kwamba kila Mkristo, awe katika hali yoyote ya maisha, ameitwa kuwa mtakatifu, wala jambo hilo si la mapadri na watawa peke yao. Karne nne kabla ya hapo Martin Luther alikuwa amefundisha kwamba fundi kwenye karakana yake na mzazi anayemhudumia mtoto mchanga wanamtumikia Mungu hapohapo walipo. Kwa hiyo Mkatoliki wa Kirumba na Mlutheri wa Nyakato, hata kama ibada zao hazifanani, hapa wanasimama mahali pamoja.

Wito huo wa wote hauhitaji kufunga wala kusafiri ili uujue. Mfanyabiashara wa dagaa anajua tayari kwamba Mungu anataka mizani yake iwe ya haki. Mume anajua anapaswa kurudi nyumbani na mshahara. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo wanaotafuta "kusudi" kwa machozi huku wana deni wanaloweza kulipa na hawalipi, au wana mzazi kijijini ambaye hawajampigia simu tangu Krismasi. Anza na hilo unalolijua. Mengi ya mbele hufunguka kwa mtu anayetii lililo karibu.

Kinachobaki ndicho kinachotafutwa: kazi gani, hali gani ya maisha, watu gani. Niolewe au niende utawani? Niache duka nikasome Biblia? Nibaki mjini au nirudi Ukerewe nikafundishe? Hapo ndipo njia hizi nne zinapoachana.

Kufunga na kuomba

Hii ndiyo njia inayojulikana zaidi hapa, hasa kwa ndugu zetu wa makanisa ya kipentekoste, ingawa Wakatoliki nao wana Kwaresima na novena zao, sala za siku tisa. Kuna mikesha ya Ijumaa, kuna siku tatu, saba, ishirini na moja. Kuna wanaopanda kwenye majabali kuomba wakiwa wameliona ziwa lote mbele yao. Njia hii haina gharama ya fedha, na mtu yeyote anaweza kuianza bila kuomba nafasi kwa mtu.

Nguvu yake ni kwamba inamfungua mtu. Ukikaa na njaa na Zaburi kuanzia asubuhi hadi jioni, mambo uliyoyaficha chini ya shughuli yanapanda juu: hasira, wivu, hofu ya umaskini, hamu ya kuonekana. Kuyaona hayo ni faida kubwa kwa anayetafuta wito, maana sehemu kubwa ya tunachokiita wito huwa ni hofu au sifa iliyovaa kanzu.

Lakini kufunga hakupimi. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu hupanda na hamu moja, hushuka na hamu ileile, sasa ikiwa imepata moto, naye anasema Mungu amesema. Tazama kanisa la Antiokia katika Matendo ya Mitume 13. Walikuwa wakimfanyia Bwana ibada na kufunga, Roho Mtakatifu akasema watengewe Barnaba na Sauli kwa kazi aliyowaitia. Wengi husoma sura hiyo na kuona kufunga tu. Rudi nyuma hadi sura ya 11: wawili hao walikuwa wameshakaa na kanisa lile mwaka mzima wakifundisha watu wengi. Walioomba na kuwawekea mikono walikuwa wanawajua kwa kazi yao. Kufunga kuliwatuma watu ambao tayari walikuwa wanatumika.

Nehemia naye alifunga aliposikia habari za ukuta wa Yerusalemu. Alisikia mwezi wa Kisleu, akafungua kinywa mbele ya mfalme mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni kama miezi minne. Alipoulizwa anataka nini, alikuwa na jibu kamili: atakwenda kwa muda gani, anahitaji barua za nani, mbao zitoke msitu gani. Kufunga kwake kulizaa mpango ambao mtu mwingine angeweza kuukagua.

Kuhusu mwili, nasema bila kuzunguka. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo na kila anayetumia dawa za kila siku, zikiwemo za kupunguza makali ya virusi, aongee na daktari kwanza, na dawa asiziache hata siku moja kwa sababu ya maombi. Unaweza kufunga mitandao, kufunga nyama, kufunga maneno ya bure. Kufunga kavu siku nyingi mfululizo simshauri mtu yeyote.

Kwa wavuvi wa dagaa kuna jambo la kufurahisha: mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu siku hizo. Wengi hutumia siku hizo kulala na kushona nyavu, na ni haki yao. Lakini kwa mvuvi anayetafuta uso wa Mungu, kalenda yake imeshampa nafasi kila mwezi ambayo mtu wa ofisini hana.

Mafungo ya kimya na mlezi

Njia hii haijulikani sana nje ya Kanisa Katoliki, na nafikiri ni hasara kwetu sote. Mtu huenda mahali patulivu, mara nyingi kwenye nyumba ya watawa au kituo cha mafungo, akaweka simu mbali, akasali na kusoma Maandiko, na mara moja kwa siku akakaa na mlezi wa kiroho kumweleza yanayotokea ndani yake.

Utaratibu unaotumika sana ulitoka kwa Mtakatifu Ignasi wa Loyola, na chanzo chake kinasaidia kuuelewa. Mwaka 1521 alikuwa askari, akavunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona, Uhispania. Akiwa kitandani akipona, alijikuta akiwaza mambo mawili kwa zamu: sifa za vita na wanawake wa ikulu, na maisha ya watakatifu aliyokuwa akiyasoma. Mawazo yote mawili yalimpendeza alipokuwa ndani yake. Tofauti ilikuja baadaye. Yale ya kwanza yakishapita, alibaki mkavu. Ya pili yakishapita, furaha ilibaki. Kutokana na hapo alijenga namna ya kuchunguza mienendo ya moyo, faraja na ukiwa, na akaacha kanuni ambayo ningependa kila kijana aijue: unapokuwa katika ukiwa wa moyo, usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa katika amani.

Mafungo kamili kwa utaratibu huo ni ya siku thelathini, lakini wengi hufanya siku tatu hadi nane, na yapo yanayofanywa katika maisha ya kawaida: unaendelea na kazi, unasali nusu saa au saa moja kila siku kwa miezi kadhaa, na unakutana na mlezi wako kila wiki. Hiyo ya mwisho inamfaa muuguzi wa zamu na mwenye duka ambaye hawezi kutoweka wiki nzima.

Inafaa zaidi pale ambapo mambo mawili yaliyo mema yanagombea nafasi moja. Umekubaliwa na shirika la masista, na hapohapo kuna kijana mcha Mungu anataka kuja kujitambulisha kwenu. Una kazi nzuri hospitali ya Bugando, na kuna zahanati ya kanisa kijijini Geita haina mtu. Hakuna dhambi upande wowote, kwa hiyo amri kumi hazikuamulii. Hapo kukaa kimya na kusikiliza kinachobaki moyoni baada ya kila wazo kuna thamani kuliko mikesha kumi.

Kwa Mprotestanti anayesita kwenda kwa padri au sista, jambo lenyewe si geni. Samweli alipoitwa usiku hakuijua sauti. Alikimbia kwa Eli mara tatu, na Eli ndiye aliyetambua kwamba ni Bwana. Eli huyo macho yake yalikuwa yamefifia na wanawe walikuwa wameharibika, lakini bado alimsaidia mtoto kusikia. Mzee wa kanisa, mama wa maombi, mchungaji mstaafu, yeyote anayejua kunyamaza na kutunza siri anaweza kukufanyia kazi ya Eli. Kumbuka tu kwamba Eli hakumpa Samweli ujumbe. Alimrudisha akalale na kumfundisha aseme nini akiitwa tena.

Udhaifu wa njia hii ni mbili. Walezi wazuri ni wachache na wana watu wengi, na kuna nauli na mchango wa chakula. Halafu kuna mlezi anayevuta. Ukiona kila mazungumzo yanaishia kwenye shirika lake, chuo chake au kanisa lake, tafuta mwingine. Mlezi wa kweli hapati chochote ukisema ndiyo, na hapotezi chochote ukisema hapana.

Neno la mtumishi

Sipendi kuidharau njia hii, kwa sababu Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii. Lakini katika pumzi hiyohiyo aliwaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Tatizo letu ni kwamba tunasoma nusu.

Mvuto wake ni haraka. Unapanga foleni asubuhi, jioni una jibu: wewe ni mwinjilisti wa mataifa, wewe mume wako anatoka upande wa Bukoba, wewe acha kazi hiyo. Mtu aliyechoka kusubiri hulipokea kama maji. Na baada ya hapo anabeba jibu ambalo hakulitafuta mwenyewe, hajui lilivyofikiwa, na hana namna ya kulipima.

Angalia jinsi Maandiko yanavyolitumia neno la namna hii. Anania alitumwa kwa Sauli kule Dameski, lakini Sauli alikuwa ameshakutana na Bwana njiani. Anania alikuja kuthibitisha na kumshika mkono. Elisha alipomponya Naamani alikataa zawadi zote, na Gehazi mtumishi wake aliyemkimbilia Naamani ili azichukue akapata ukoma. Kwangu hilo linatosha kuamua jambo moja: neno linalodaiwa "mbegu" kabla halijatolewa, au linalouzwa pamoja na mafuta na maji, lisitumike kuamua maisha yako. Ondoka na nauli yako.

Lisilodaiwa fedha pia lipimwe. Je, aliyelitoa yuko chini ya wazee wanaoweza kumkosoa? Je, linakubaliana na yale ambayo Mungu amekuwa akiyasema nawe kabla hujamjua mtu huyo? Je, linakupa nafasi ya kusubiri, au linakutaka uamue leo na umfiche mchungaji wako na wazazi? Neno la Mungu halizeeki ukiliweka miezi sita. Nimeona mabinti wakivunja uchumba mzuri kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa kwenye kipaza sauti, na aliyeisema hakumbuki hata sura zao. Kwa hiyo sisemi usilisikilize. Liandike, weka tarehe, endelea na maisha, uone kama njia nyingine tatu zitakuja kukutana nalo.

Kuanza kutumika

Katika Biblia watu wengi waliitwa mikono yao ikiwa kazini. Musa alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe. Amosi alisema mwenyewe kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii, alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Simoni na Andrea walikuwa wakitupa nyavu, Yakobo na Yohana wakitengeneza zao. Mtu wa Mwanza asiyelielewa hilo na asubuhi moja ashuke Mwaloni Kirumba mitumbwi ikiwa imerudi. Na huyo Bezaleli wa kitabu cha Kutoka, aliyejazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kuchonga, kufua dhahabu na kukata vito, hakuwa kuhani. Alikuwa fundi.

Njia hii inasema: chagua huduma moja, ndogo, yenye watu wanaokuhitaji kweli, uifanye kwa uaminifu muda wa kutosha, kisha uangalie kinachotokea kwako na kwao. Mkoani kwetu nafasi hazikosekani. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote, kwa hiyo kuna wagonjwa waliotoka Mara, Kagera, Simiyu na Geita ambao hawana ndugu mjini wa kuwaletea hata uji. Gereza la Butimba lina watu wanaosubiri mtu wa kuwatembelea, kwa utaratibu wa kanisa. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliziweka mbele kuanzia miaka ya 1970, zinahitaji anayejua kusoma kwa sauti na kuongoza mjadala wa Injili. Shule ya Jumapili karibu kila kanisa ina watoto wengi na walimu wawili. Mialo kama Igombe na Kayenze ina vijana waliokimbilia uvuvi kabla ya kumaliza darasa la saba.

Kwa nini naiamini njia hii kuliko zote? Kwa sababu karama hutolewa kwa faida ya wengine, hivyo wengine ndio mashahidi wake. Ukiwa peke yako jabalini unaweza kujiona mwalimu. Ukikaa na watoto arobaini Jumapili sita mfululizo, watakuonyesha. Binti anayedhani ameitwa kuwa daktari mmisionari akitembelea wodi, atajua kama harufu ya kidonda inamfukuza au inamsogeza. Mwingine ataingia kwenye kwaya akijiona mwimbaji, na watu wataanza kumletea migogoro yao ya nyumbani baada ya mazoezi, wiki hii mmoja, wiki ijayo wawili, mpaka mchungaji mwenyewe aone kwamba huyu ni mpatanishi. Hakuna mlima ambao ungemwambia hilo.

Kuna mfano kutoka ufukwe huu ambao kila mtu anamjua mhusika wake. Julius Nyerere alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1943. Baada ya Makerere akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Pugu. Mwaka 1955 aliacha ualimu ili awe na TANU muda wote. Aliacha ajira, lakini kufundisha hakukuachana naye: watu walimwita Mwalimu hadi alipofariki mwaka 1999. Alichofanya kwa uaminifu darasani ndicho nchi ilichokuja kumdai kwa ukubwa mwingine.

Hatari ya njia hii ni kuliwa na shughuli. Makanisa yetu yakimwona kijana mtiifu, humpa kwaya, vyombo, usafi, ulinzi wa magari na ukatibu wa idara, mpaka hana usiku mmoja wa kukaa nyumbani, na hakuna anayemuuliza anaendeleaje. Huko ni kuchoka, na uchovu haufundishi wito. Ndiyo maana nasema huduma moja. Iwe na mwisho, tuseme miezi sita, na iwe na mtu mzima mmoja aliyekubali kukaa nawe kila mwezi na kukuambia ukweli: umeleta nini, umeharibu nini, watu wanasema nini usipokuwepo. Bila mtu huyo, utakuwa mfanyakazi wa bure tu.

Zikiwekwa pamoja

Kwa haraka, neno la mtumishi linatangulia na kutumika kuko mwisho. Kwa usalama, mpangilio huo unageuka kabisa. Kwa fedha, kufunga hakuna gharama. Kutumika kuna nauli za daladala. Mafungo yana nauli na mchango. Na neno la mtumishi, likiwa la kweli, ni bure, likiwa la biashara halina kikomo. Kwa swali la "moyo wangu ukoje?", nenda kafunge. Kwa "kati ya haya mema mawili nichague lipi?", nenda mafungo. Kwa "nina karama gani?", hakuna anayeweza kukujibu isipokuwa watu utakaowahudumia.

Wewe ni nani kati ya hawa?

Ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hujui hata pa kuanzia, usianze na siku 21. Chukua huduma moja sasa, kupitia vyama vya wanafunzi Wakristo kama TMCS, USCF au CASFETA kama uko chuoni, au kanisa la mtaani ulikopanga, na uifanye hadi baada ya mitihani. Kisha funga siku moja moja kila wiki ukiwa na swali lililoandikwa.

Ukiwa na mke, watoto na kazi, na moto wa kuacha vyote uende chuo cha Biblia, soma Luka 14 kuhusu mtu anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Halafu kumbuka Paulo alishona mahema Korintho. Tafuta kwanza mafunzo ya jioni au ya likizo, uhubiri unapopewa nafasi, na umsikilize mwenzi wako. Mungu anayekuita anajua mmekuwa mwili mmoja, na sijaona baraka katika nyumba ambayo mmoja ameitwa na mwingine ameburutwa. Kama baada ya mwaka wazee wa kanisa na mke wako wanasema nenda, basi fanya mafungo siku tatu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Ukiwa na fomu ya seminari au ya utawa mkononi na unaogopa kwa sababu huna uhakika wote, tulia. Kanisa lenyewe halikutegemei uwe nao. Sheria yake inataka unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri, wa angalau miezi kumi na miwili, kisha nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu kabla ya zile za daima, na kwa padri angalau miaka sita ya falsafa na teolojia. Miaka yote hiyo ni ya kupimana: wewe unaipima nyumba, nyumba inakupima. Kinachotakiwa leo ni nia safi na uhuru: hukimbii umaskini wa nyumbani, hukimbii ndoa, wala hutimizi nadhiri ya mama yako. Mtafute mkurugenzi wa miito wa jimbo, omba siku za kwenda kuona maisha yao, na uulize maswali yako yote, hata yale ya fedha na ya upweke.

Na kama umetoka huko, umerudi nyumbani na sanduku, na majirani wanakutazama, neno hili ni lako. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma miaka mingi katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, na hakuwa padri. Alirudi, akaoa, akawa katekista. Elimu aliyoipata seminarini akaitumia kutunza lugha na desturi za watu wake, na mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ambayo iliwafikia wasomaji wa Kiswahili miongo kadhaa baadaye. Miaka ya Rubya haikupotea. Kwa hiyo usijiandikishe kwingine mwaka huohuo ili kufuta aibu. Kaa na mlezi asiye wa shirika ulilotoka, mwambie kilichotokea bila kujitetea wala kumlaumu mtu, na mwombe paroko wako nafasi ya kufundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, au watoto wa komunyo ya kwanza. Unajua mambo ambayo wengi parokiani hawayajui, na kuna watu wanayahitaji Jumapili hii.